Mlango Ukifunguka, Mtu Huingia

Mji wa Kale, Mombasa
Alasiri, kabla ya siku ya safari yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu zangu umeshazipata leo mara nyingi, kila nilipopita mlangoni mwa chumba chako nikijifanya natafuta miwani, na miwani iko usoni. Umenicheka. Afadhali kucheka. Nimekuja kukaa hapa barazani niandike, lakini situlii. Nikiandika mistari miwili nainuka, naangalia njia, narudi. Ndani mamako na shangazi zako wanabishana kama sanduku litafungika au halitafungika, na kila mmoja analikalia kwa zamu. Sitakwambia habari ya kula vizuri wala ya kujifunika baridi ya Nairobi. Hayo umeambiwa mpaka masikio yamechoka, na mamako ataendelea nayo mpaka gari la moshi liondoke.

Mimi nataka kukueleza habari ya lifti.

Najua utasema, "Baba, hiyo naijua." Unajua kwamba mamako alianguka, unajua alilazwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea uji asubuhi kabla ya kwenda skuli, ukarudi na habari za wauguzi mpaka tukajua majina yao wote. Unajua kwa nini anachechemea. Lakini ilikuwaje hata akaanguka hujaambiwa, kwa sababu mimi na yeye tukilikaribia jambo hilo hutazamana, tukanyamaza. Sasa unakwenda kusomea kazi ya uuguzi. Utavaa nguo nyeupe, na iko siku mtu ataogopa, atakutazama wewe kwanza, ndipo aamue. Kwa hivyo nataka ulijue.

Ulikuwa mdogo nilipoanza kazi katika jumba la Bwana Jivan, lile la ghorofa upande wa pili wa Makadara. Lifti ya kwanza ilikuwa ya mkono. Ilikuwa na mpini wa shaba. Ukiuvuta huku inapanda, ukiusukuma huku inashuka, na kuisimamisha sawasawa na sakafu ilikuwa kazi ya mkono na jicho. Siku nyingine niliisimamisha chini kidogo, watu wakajikwaa, wakanitolea maneno, nikawataka radhi, tukaendelea. Hakuna aliyesema lifti ni mbaya. Walisema, "Shee, leo umelala."

Mwaka uliofuata Uhuru Bwana Jivan akaleta lifti mpya. Hii haikuwa na mpini. Ilikuwa na vitufe, na taa ndogo zilizowaka kuonyesha ghorofa, na milango iliyojifungua na kujifunga yenyewe. Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa Samweli, kijana wa Rabai aliyesomea mambo ya stima. Alinionyesha kila kitu kwa furaha, kama mtu anayeonyesha mtoto wake wa kwanza.

"Mzee Shee, hii haichoki. Haisinzii. Haigombani na mkewe ikaja kazini na hasira."

Nikacheka naye. Nilimpenda yule kijana, na mpaka leo nampenda.

Basi lifti ikafunguliwa, na hakuna aliyeingia. Watu walisimama mbele yake, milango ikafunguka, wakachungulia chumba kitupu kinachong'aa, milango ikajifunga, wakaenda kwenye ngazi. Wanaume walisema wanataka kunyoosha miguu. Wanawake walisema wazi kwamba wanaogopa. Ghorofa ya tatu kulikuwa na daktari, na wagonjwa wake walifika mlangoni kwake wakihema kuliko walivyotoka majumbani mwao. Wapangaji wakaanza kunung'unika. Bwana Jivan akaniita.

"Shee, vaa yunifomu yako, rudi ndani, kaa kwenye kibao chako."

"Nifanye nini, Bwana? Yenyewe inajiendesha."

"Usifanye kitu. Kaa. Wakuone."

Nikakaa. Siku ile ile akaja Bi Rukia wa Kibokoni, yule aliyekuwa na maumivu ya magoti. Akasimama mlangoni akaniangalia sana.

"Shee, wewe umo humo?"

"Nimo, Bi Rukia."

"Unaiendesha wewe?"

Bwana Jivan alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama juu ya bega lake.

"Nimo," nikasema tena.

"Haya. Kama umo wewe, naingia."

Akaingia, akanishika mkono mpaka ghorofa ya tatu. Kidole changu kilibonyeza kitufe ambacho hata mtoto angekibonyeza. Alipotoka aliniombea dua, na nilipoitikia "Amin" nilihisi kama nimepokea kitu cha mtu mwingine.

Baada ya Bi Rukia wakaja wengine. Waliniona mimi, wakaingia. Kisha wakawaona wenzao wanaingia, wakaingia. Mwanzo kila mmoja aliniamkia na kuniuliza hali ya nyumbani. Baadaye wakawa wananitikisia kichwa. Baadaye hata hicho kichwa hapana. Walipitisha mkono juu ya kofia yangu wakabonyeza wenyewe, huku wanazungumza habari zao. Sikuona ubaya. Mtu hawezi kuogopa kila siku kitu anachokipanda kila siku. Hofu inataka nafasi, na watu wana shughuli.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mpaka kona, nimerudi. Jirani ameniuliza, "Shee, umepoteza nini?" Nikasema hakuna.

Siku moja baada ya adhuhuri nilitoka msikitini nikarudi kazini, lifti ilikuwa na watu, nikapanda ngazi kumpelekea daktari mwavuli aliousahau chini. Nilipokuwa nimesimama pale ukumbini ghorofa ya tatu, milango ya lifti ikafunguka mbele yangu. Nikainua mguu. Sijui ni nini kilichonizuia. Nadhani ni harufu ya grisi. Nyuma ya milango hakukuwa na lifti, Zuhura. Palikuwa na giza, na kamba nene za chuma zinatikisika. Milango ikakaa wazi kama inamkaribisha mtu, kisha ikajifunga taratibu, kwa adabu, kama siku zote.

Nikashuka ngazi mbio, nikamwambia Bwana Jivan. Akamwita Samweli. Samweli akaja na vyombo vyake, akakaa juu ya lifti na chini ya lifti mchana kutwa. Akaiita, akairudisha, akaiita tena. Kila mara milango ilifunguka lifti ikiwapo, na isipokuwapo haikufunguka.

"Mzee Shee," akaniambia huku anajifuta grisi, "pana kufuli ndani inayozuia mlango usifunguke kama lifti haijafika. Nimeijaribu mpaka nimechoka. Haiwezekani."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Ulikuwa umetoka juani?"

Aliuliza kwa upole. Bwana Jivan hakuuliza kwa upole.

"Shee, wewe unaogopa nitakuondoa kazini, ndiyo maana unaisingizia mashine. Mashine haina mdomo wa kujitetea."

Hapo alinipata, maana ilikuwa kweli kwamba naogopa kuondolewa. Kila usiku nililifikiria hilo. Basi wakatupima, mimi na lifti. Mimi nilikuwa na haja. Lifti haikuwa na haja. Mimi ningefaidika, lifti haifaidiki na kitu. Mimi nilikuwa nimewahi kukosea mbele yao mara nyingi, nikawafanya watu wakajikwaa. Lifti hawajaiona ikikosea hata siku moja. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani? Hata leo siwalaumu sana. Kitu kisichotaka chochote kwako ni rahisi kukiamini. Tunasahau kwamba kisichotaka chochote hakitaki pia usalama wako.

Lakini hili linalofuata ndilo gumu kuliandika. Baada ya muda, na mimi nilianza kujitilia shaka. Nilipita ghorofa ya tatu kila siku nikingoja, na kila siku milango ilifunguka sawasawa. Kila ilipofunguka sawasawa, kile nilichokiona kilififia kidogo. Ilipofika Ramadhani nilikuwa nimeshaanza kusema, "Labda." Nilimwambia mamako, "Labda ni njaa, labda ni jua." Yeye ndiye aliyekataa. Nilikuwa nimemsimulia mlango ule kila siku tukila, mpaka akaujua kuliko mimi. Akasema, "Kama uliona, uliona. Waambie watu watazame chini."

Nikawaambia. Kila aliyetoka na kuingia nilimwambia, "Tazama chini kabla hujatia mguu." Makarani vijana wakanipa jina, Shee Tazama-Chini, wakawa wananiamkia kwalo. Mwanzo nilicheka nao. Wapangaji wakalalamika kwamba nawatia watu wasiwasi bure. Bwana Jivan akakitoa kibao changu ndani ya lifti, akaniweka langoni nifungulie magari. Kufikia hapo watu hawakunihitaji tena ndani. Walikuwa wameshazoea.

Nawe wajua siku yenyewe. Mamako alikuwa na maumivu ya sikio, akaja kwa daktari. Nilimwona anapita langoni. Aliniamkia, akaniambia jioni kutakuwa na samaki wa kupaka. Akapanda kwa lifti, kwa sababu kila mtu alipanda kwa lifti. Daktari akamtazama, akampa dawa, mamako akatoka ukumbini, akaiita lifti ashuke.

Mimi nilisikia ukelele nikiwa langoni. Sikujua ni wake. Nilipanda zile ngazi sijui vipi, na nilipofika juu palikuwa na watu wamejaa, na milango wazi, na hakuna anayethubutu kusogea. Namshukuru Mungu kwamba lifti ilikuwa ghorofa moja tu chini yake. Aliangukia juu ya paa la lifti. Ingekuwa chini kabisa, leo ungekuwa unafunga sanduku lako peke yako. Nilimwona pale gizani, buibui limejaa grisi, mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Aliponiona alisema, "Usiruke, na wewe." Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

Siku alipoweza kuzungumza vizuri, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, nilimuuliza. Nilimuuliza kwa hasira, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa sijalala.

"Mamake Zuhura, wewe! Mtu mwingine ningeelewa. Wewe uliyekuwa ukisikia habari ya mlango ule kila siku!"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Babake Zuhura, mlango ulifunguka. Mlango ukifunguka, mtu huingia." Kisha akasema, "Na nilikuwa nafikiria yule samaki."

Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Mamako hakuwa mjinga, wala hakuwa amesahau. Alijua kuliko watu wote katika jumba lile. Lakini kujua kulikuwa kichwani, na mguu una elimu yake. Tangu aanze kutembea, kila mlango uliomfungukia ulikuwa na sakafu nyuma yake. Watu wakisema habari ya kuamini huisema kama jambo ambalo mtu ameketi, akafikiri, akalikata. Mara nyingi si hivyo. Mara nyingi mtu hajaamua chochote. Mlango umefunguka, na yeye anafikiria samaki.

Samweli alikuja hospitali. Sijui kama uliwahi kumwona. Alikuja mchana ukiwa skuli. Alikuwa ameifungua ile kufuli yote, akakuta ndani kijispringi kilicholiwa na chumvi ya bahari. Siku nyingi kilifanya kazi; mara moja moja kilinata. Alikaa kando ya kitanda akashindwa kuinua uso.

"Mama, haki ya Mungu niliijaribu."

"Najua uliijaribu," mamako akamwambia. "Shee aliniambia ulishinda nayo kutwa."

Kijana wa watu akalia. Alikuwa ameipa kila nafasi ya kukosea mbele yake, nayo haikukosea siku ile. Mimi nilidhani nitamchukia, nikashindwa. Tulitoka pamoja, tukanywa kahawa.

Mamako ameniita hapa, wanataka kamba. Sanduku limefungika upande mmoja. Nimewapa kamba, nimerudi, na sijui nilikuwa nasema nini.

Ndiyo. Bwana Jivan. Alikuja hapa nyumbani na kapu la matunda, akakaa hapa hapa nilipokaa. Akasema maneno mazuri na nadhani aliyamaanisha, maana alikuwa amekonda. Kufuli zote zimebadilishwa, akasema, mlango kwa mlango, na mkaguzi amekuja, amepitisha. Lakini watu wamerudi kwenye ngazi. Daktari anataka kuhama.

"Rudi ukae ndani, Shee. Wakikuona wewe wataingia."

Nikamwambia, "Nikirudi, nipe ufunguo wa kuizima."

"Ufunguo ni wa fundi."

"Basi mkalishe fundi kwenye kibao."

Akaondoka amenuna. Mamako, akiwa amelala chumbani, akapiga kelele kwamba matunda yale yasiliwe na mtu. Jioni akayala mwenyewe. Siku chache baadaye Bwana Jivan akarudi, hakukaa, akanipa ufunguo mkononi.

Hapo wengine wangemaliza hadithi, lakini mimi naogopa ukiibeba hadithi hii nusu. Nilipokuwa na ule ufunguo sikuwa hodari. Nilikuwa mtu mwenye hofu na ufunguo. Niliizima lifti kwa sababu ya panya. Niliizima kwa sababu ya harufu ya kuungua, kumbe mtu anakaanga samaki. Na siku moja nilisikia mlio nisioujua, nikaizima, na wakati ule ule akaletwa mzee mmoja mgonjwa wa kifua. Wakampandisha ngazi juu ya kiti, wanaume wanapokezana, naye anapigania pumzi. Alifika kwa daktari midomo imebadilika rangi. Alipona, alhamdulillahi. Lakini mwanawe alishuka akanikabili pale chini, mbele ya watu, akaniambia, "Mzee, hofu yako karibu iniulie baba." Na mlio ule haukuwa kitu, Samweli alikuwa ametia mafuta mapya tu.

Nilimwambia yule kijana anisamehe. Kisha nikaenda kumtafuta Samweli, nikamwambia anifundishe milio. Tukawa tunakaa pamoja kila alipokuja: ananiambia huu ni wa mafuta, huu ni wa kamba, mlio usioujua niite kabla hujazima, huu zima kwanza ndipo uniite. Naye akanizoesha kumwambia kila ninachokiona hata kama nakionea haya, na hakuniuliza tena kama nimetoka juani. Bi Rukia alikufa kabla ya hapo, lakini watu wengine waliponiuliza kama mimi ndiye ninayeiendesha, niliwaambia, "Hapana, yajiendesha. Mimi naweza kuizima." Wapo walioingia, wapo waliogeuka kwenye ngazi. Niliwaacha wageuke.

Sasa wewe. Huko uendako kuna mashine nisizozijua hata majina: za picha za mifupa, za kupumulia, na nyingine zitakazokuja ukiwa bado kijana. Mgonjwa hataitazama mashine, mwanangu, atakutazama wewe na hizo nguo zako nyeupe, akuulize, "Binti, hii haina neno?" Kama unajua haina neno, mwambie. Kama hujui, mwambie hujui, nenda kaulize, hata kama mkubwa wako amesimama nyuma yake anakutazama juu ya bega lake. Na ukiona kitu, kisha kila mtu akakwambia hukukiona, na siku zikapita kila kitu kiko sawa, utaanza kusema "labda". Utakaposikia neno hilo linatoka kinywani mwako, unikumbuke.

Jua limeshuka, naona kalamu kwa taabu. Kuna jambo moja limenifanya nisitulie tangu jana, nami nikawa nalizunguka. Ami yako Abdalla alikuja kutoka Bondeni. Hataki uende, unajua. Aliniuliza, "Hiyo hospitali umeiona mwenyewe?" Nikasema sijaiona. "Basi unampeleka mtoto kwa picha?" Nilimpandishia sauti, Zuhura, mpaka majirani wakasikia. Nilimwambia hajui dunia, nilimwambia anaona wivu. Alipokwenda zake nikaitoa ile picha waliyotutumia kutoka hospitalini, nikaitazama. Wasichana wamevaa nyeupe, jengo zuri, maua. Na ile barua ya kukuita, yenye muhuri. Na mabinti wa watu wengine waliokwenda wakarudi wazima. Sina kingine. Watu wa jumba la Bwana Jivan waliingia kwa machache kama hayo.

Sisemi usiende. Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma, na bado nasema nenda. Lakini usiniandikie barua za "mimi mzima, hofu ni kwenu". Niandikie ulichokiona. Na ukiona mambo si mambo, rudi. Usiangalie vigelegele vya shangazi zako kesho, wala sanduku, wala watu waliokusindikiza mpaka steshini. Usibaki mahali kwa kuwa unaona haya kurudi. Utakuja, utaingia, utakula, na hakuna atakayekuuliza kitu mpaka useme mwenyewe.

Habari ya Ami yako niachie mimi. Nitapanda mpaka Bondeni, nitamwamkia, nitamwambia alikuwa na haki ya kuuliza. Ni maneno machache, nitayaweza.

Babako,
Shee